Punda Milia Hawana Mjomba

Mama alikuwa na hakika kwamba chui milia wapo Mikumi. Alimwona mmoja kwenye blanketi nililomnunulia sokoni Morogoro alipoteremshwa kutoka milimani kuja kutibiwa. Habari za punda milia wa Mikumi alizisikia tangu utotoni, ingawa hakuwahi kufika, basi akaona wanyama wote wenye milia lazima wawe wa pori moja.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na mwalimu akisikia kosa hanyamazi hata mkosaji awe mgonjwa. Nikamweleza kuwa chui milia ni wa Asia, Afrika hayupo, na huko porini hajawahi kukutana na punda milia.

"Sasa mbona mnatufunika na mnyama wa watu?" akauliza.

Nilikasirika. Siku zile nilikuwa mwepesi wa hasira. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba uvimbe umesambaa na kilichobaki ni dawa ya kutuliza maumivu tu. Nilitaka apelekwe Dar es Salaam akapimwe upya. Nilijua haitasaidia, lakini nilitaka.

Maumivu yakizidi nilimfundisha, maana kingine cha kumpa sikuwa nacho. Nilimwambia kwamba chui milia huishi peke yake, na milia yake humficha kwenye majani marefu mpaka afike karibu na kurukia shingo. Punda milia huishi kwa familia, na milia yao wataalamu bado wanaibishania. Wengine wanasema huwachanganya nzi wanaouma. Mtoto akizaliwa, mama yake huwafukuza wengine mpaka mwanawe amjue kwa milia yake, kwa kuwa hakuna wawili wanaofanana. Hilo mama alilipenda, akataka nilirudie.

Kisha akauliza watoto ni wa ukoo wa nani. Swali hilo halimo kwenye mtaala, lakini kwetu Waluguru, ambao mtoto ni wa ukoo wa mama na msemaji wake ni mjomba, ndilo la kwanza. Nikasema familia ina dume mmoja na majike kadhaa, na dume ndiye mlinzi wao.

"Kwa hiyo hawana mjomba," alisema kwa huruma ya kweli. Nilicheka, na nadhani ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka pamoja.

Mjomba wetu alikuja wiki hiyohiyo na mkungu wa ndizi. Aliketi, akasalimiwa, akatamka kwamba dada yake anarudi juu, kwenye ardhi ya mama yao, awahi kufika akiwa hai. Nikamletea habari za Dar es Salaam, vipimo na wataalamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, wala hakubadili neno. Nilimtazama mama anitetee. Alikuwa ameshaanza kuuliza kanga zake ziko wapi.

Asubuhi ya safari nilikuwa namvika viatu. Akaniuliza punda milia mmoja akikamatwa na simba, wenzake hufanya nini.

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimechoka, na mazoea ya darasani ni mabaya. Nikamwambia kwamba hukimbia wote, ila simba akishamwangusha mmoja, waliobaki husimama. Wanajua yamekwisha. Huangalia kidogo, halafu huinamisha vichwa wakaendelea kula, hata pale pale wanapomwona simba.

Mama aliitikia kwa kichwa polepole, kama mwanafunzi aliyeelewa.

"Basi na nyie mle," alisema. "Wewe hasa, mwanangu, nakujua. Usije ukakaa msibani na sahani mkononi watu wanakubembeleza."

Nikamkaripia, nikamwambia aache maneno hayo, atapona. Wote wawili tulijua naropoka.

Tulimzika kule juu, kwenye shamba la mama yake, mvua ikinyesha. Wali ulipopakuliwa hakuna aliyenibembeleza. Nilikula mpaka nikamaliza, kwa sababu aliniagiza, na kwa sababu nilikuwa na njaa.