Mwonjaji wa Mama Moto

Kila basi linalopita kijijini husimama kwa Mama Moto, abiria wanunue kamba wake wa baharini waliokaangwa kwa pilipili. Mwonjaji ni mumewe. Kila asubuhi humlisha mmoja na kumuuliza, “Vipi, baba watoto?” Akiweza kujibu, pilipili inaongezwa. Akinyamaza huku machozi yakimtoka, karai linaepuliwa. Kijiji kizima humsifu kwamba ni mpole, hana maneno mengi.

Juzi mafua yalimpotezea ladha. Akajibu, na akaendelea kujibu hadi adhuhuri: mama mkwe, paa linalovuja, jina la kifungua mimba wao ambalo hakuwahi kulipenda.

“Nimekusikia, mume wangu,” alisema Mama Moto, akamimina mfuko mzima wa pilipili.

Basi la mchana liliondoka kimya kabisa.