Bwana Harusi Asiyekanyaga Chini

Enzi zetu, mtu akitaka kuogopa ilibidi ajihangaikie mwenyewe. Jini la sinema halikuwa likikufuata kwenye simu umelala chali, ukalipitisha kwa kidole kama unayefukuza inzi. Hapa Jeddah majumba ya sinema hayakuwapo. Kulikuwa na maduka ya kanda za video, na sisi watoto wa mtaa wa Ghulail tulijua duka lipi lina katuni, lipi lina mieleka, na lipi mwenyewe akikuona mdogo atakuuliza kwa Kiarabu, "Baba yako anajua?" Ukiitikia "aiwa" bila kupepesa macho, unapewa kanda isiyoandikwa jina, imefungwa kwenye mfuko mweusi kama pweza.

Nilikuwa na miaka kumi. Skuli tulisoma Kiarabu, uchochoroni tulicheza nage kwa lugha tano, na mlangoni baba alikuwa na sentensi yake moja: "Viatu nje, Kiarabu nje." Ndani ilikuwa Unguja tupu. Udi, bajia za moto, kiyoyozi cha maji kilichotutemea ukungu usoni, na bibi yangu Bi Zuwena, mama yake baba, juu ya msala wake, akituita mmoja mmoja atuvute masikio kwa makosa ambayo bado hatujayafanya. "Hili la akiba," alikuwa akisema.

Video yetu baba alipewa na kafili wake, yaani mdhamini wake wa kazi, mzee ambaye baba alikuwa akimwendeshea gari, siku mzee yule alipojinunulia mpya. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Ukiisukumia kanda ilinguruma, ikanyamaza, ikafikiri, ndipo picha ikaja. Rimoti hatukupewa. Ukitaka kuzima, unainuka unakwenda kubonyeza.

Na mie, Mungu anisamehe, nilipenda picha za kutisha. Nikiziangalia mchana mama akiwa jikoni, sauti nimeibana, ncha ya mto nimeitia mdomoni. Halafu wiki nzima siendi chooni bila ufagio mkononi. Ufagio ungemfanya nini mfu aliyefufuka, sijui. Wiki ikiisha, huyo narudi dukani kutafuta nyingine. Bibi alikuwa kinyume changu kabisa. Hata paka wa katuni akiangukiwa na nyundo, yeye aliinuka akatoka. "Masikini, na yule ana mama yake," alisema, na siku hiyo televisheni hatazami tena.

Sasa, katika nyumba ile alikuwapo shangazi yangu Shemsa, mdogo wake baba. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, umri ambao siku hizo watu waliutaja kwa kunong'ona kama ugonjwa. Akaja mposaji kutoka Riyadh, kijana wa Kiunguja kama sisi. Shangazi alikwisha kumwona mara moja tu, ufukweni, aliposimama na baba kusalimiana. Askirimu ilimdondokea kwenye kanzu, akacheka mwenyewe. Basi. Shangazi alikuwa akiisimulia ile askirimu kila siku, na kila siku ilizidi kuwa kubwa.

Tatizo lilikuwa mama yake yule kijana, Bi Nasra wa Nasim, kule Riyadh. Ilisemekana amekwisha kukataa wasichana wanne. Mmoja anatembea kwa kishindo. Mwingine alicheka kabla hadithi haijafika mahali pa kuchekesha. Wa tatu alikuwa na jina la mbuzi wake wa zamani, na wa nne sababu yake haikujulikana, ila wazazi wake walihama mtaa. Bi Nasra akatuma salamu kwamba anakuja Jeddah, na kwamba angependa kuangalia kanda ya harusi ya shangazi Zamzam, dada yake Shemsa, aliyeolewa mwaka uliotangulia. "Watu utawajua kwa harusi yao," alisema.

Kanda ile ilikaa juu ya kabati, ndani ya boksi lenye maandishi ya dhahabu. Hakuna aliyeifungua. Mahali pazuri kuliko hapo pa kufichia kitu sikupaona, kwa hiyo siku mbili kabla mgeni hajafika nilikuwa nimeitoa harusi, nikaifutika chini ya godoro langu, na ndani ya boksi la dhahabu nikatia kanda yangu ya dukani. Sikuwa hata nimeiangalia. Kisha nikasahau.

Bi Nasra akaja baada ya sala ya alasiri. Mwembamba, mrefu, mkoba kaupakata kama mtoto mchanga. Mama alikuwa amewaita majirani wajaze chumba, wote pamoja tukawa wanawake kumi na mmoja na mie. Shangazi Shemsa aliingia, akabusu mikono ya watu wazima, akamimina kahawa bila kutikisa kikombe, akatoka. Nikamfuata ukumbini. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Rahma," aliniambia, "leo likiharibika, ujue nitazeekea humu humu, kazi yangu kukusuka nywele wewe."

Niliporudi, mama alikuwa ameshasukumia kanda. Video ikanguruma, ikafikiri. Picha ikaja, hafifu, kama imepigwa ndani ya uji. Msichana wa shela jeupe amekaa mbele ya kioo, wanawake wazee wanamchana nywele. Sauti ilikuwa imekufa, ikikoroma tu.

Nikakumbuka. Ile ilikuwa kanda yangu ya dukani.

Wageni wakapiga vigelegele.

"Mashaallah!" alisema Bi Nasra. "Huyu ndiye Zamzam?"

Mama akaitazama picha. Nilimwona akielewa kwamba yule si Zamzam. Lakini alidhani kanda zimebadilishana na harusi ya watu wengine, na aibu ya kusema hatujui harusi yetu iko wapi ilikuwa kubwa kuliko aibu ya kuazima ya wenzetu.

"Ndiye," alisema mama. "Alikonda kidogo siku ile."

Jirani yetu Bi Asha, ambaye hakupata kukubali kupitwa na jambo, akanyoosha kidole. "Na mie huyo! Huyo mwenye taa ni mie." Wanawake wakamtazama, wakatazama kile kizee chenye taa, na kwa kuwa picha ilikuwa mbovu wakaafiki kwamba ni yeye. Bi Asha akasema gauni lile bado analo.

"Mbona hana hina?" aliuliza Bi Nasra.

"Ililetwa ikachelewa," alijibu mama.

"Na taarabu je?"

"Walikuja. Wanakula."

Msichana wa shela akashuka ngazi ndefu za nyumba kubwa ya giza, mshumaa mkononi. Mmoja wa majirani akauliza nyumba ile ni ya nani. Mama akasema ya kafili. Bi Nasra akainamisha kichwa kwa heshima, nami nikaona kwamba tunashinda. Kila uongo wa mama ulikuwa ukitupandisha daraja. Nikaanza kuomba kimyakimya umeme ukatike. Ghulail ile, iliyokuwa ikikatikiwa na umeme mtu akipiga chafya, siku ile iliwaka kama mchana.

Bwana harusi akatokea chini ya ngazi. Nguo nyeusi, uso mweupe kama unga wa ngano.

"Mgonjwa huyu?" aliuliza Bi Nasra.

"Damu chache," alisema mama. "Anatumia dawa."

"Hapepesi macho."

"Ana haya."

Kisha bwana harusi akaja mbele, na picha na sauti kwa mara ya kwanza zikasafika, na kila mtu chumbani akaona kwamba miguu yake haikanyagi chini. Kulikuwa na nafasi ya shubiri nzima kati ya kiatu na zulia. Bi Asha alikuwa na bajia mkononi, ikabaki njiani.

"Huyu," alisema Bi Nasra polepole, "ni wa ukoo gani?"

Bwana harusi akafungua mdomo, na mdomo ukaendelea kufunguka.

Yaliyofuata nayaona mpaka leo. Wanawake kumi na mmoja waliendea mlango mmoja. Sinia la sambusa likaruka. Birika la kahawa likamwagikia zulia, mtu akateleza, akasoma Ayatul Kursiy akiwa chini kifudifudi. Bi Asha alipanda juu ya kabati la vyombo, mwanamke wa miaka hamsini na tano na magoti mabovu, na mpaka anafariki hakuweza kueleza alipandaje. Mama alikuwa akipiga kelele, "Zimeni! Zimeni!" lakini kitufe kilikuwa kwenye video, na video ilikuwa chini ya televisheni, na ndani ya televisheni alikuwamo yule. Hakuna aliyethubutu.

Bibi aliingia kutoka chumbani kwake, tasbihi mkononi. Hakuangalia picha. Alivua kanga ya begani, akaitupia televisheni kama anavyofunikwa maiti, akasimama mbele yake. Chini ya kanga mayowe yakaendelea.

Waliokuwa mlangoni wakasimama. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia la dirisha.

"Funua."

Alikuwa Bi Nasra. Akajitokeza, buibui kalivaa upande, kiatu kimoja hana.

"Funua, Bi Zuwena. Tujue yule msichana kaponaje."

"Sifunui," alisema bibi. "Mie niliyoyaona kwetu yananitosha. Sina haja ya kuletewa mengine sebuleni."

Watu wazima wote mle ndani walijua anasema nini. Bibi aliondoka Unguja mwaka wa sitini na nne na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, na ya siku zile hakuyasimulia kamwe, hata ukimbembeleza.

Bi Nasra akaketi chini, mbele yake, pale pale penye kahawa. "Nami niliondoka mwaka ule ule," alisema. "Niliyoyaona niliyaona. Lakini yale, dada yangu, hayakuwa na kitufe. Haya yana kitufe. Nikiwa peke yangu Riyadh naziangalia hizi, natetemeka, na ikifika pale ninapotaka mimi, nazima. Mwanangu hajui. Hakuna ajuaye."

Bibi akaizungusha tasbihi mkononi. Kisha akaketi naye kwenye kahawa, mgongo kaipa televisheni, uso kwa mgeni wake.

"Haya," alisema. "Tazama wewe, unisimulie. Mie nitaangalia ukuta."

Ndivyo ilivyokuwa. Kanga ikafunuliwa. Mmoja mmoja wakarudi, wakajibana kwenye godoro moja, mikono imeshikana, nami katikati yao nimebanwa na mapaja ya watu kama sambusa kwenye karatasi. Bi Asha alibaki juu ya kabati akasema kule anaona vizuri. Na muda wote bibi akiuliza:

"Ameshafanya nini sasa?"

"Anamfuata ngazini."

"Msichana ana kitu mkononi?"

"Mshumaa."

"Mshumaa una kazi gani! Mwambieni achukue mchi."

Wakamwambia. Wallahi, wanawake kumi na mmoja walimpigia kelele msichana wa watu achukue mchi, na alipomsukumia yule bwana dirishani vigelegele vilivyopigwa havikupigwa hata kwenye harusi ya Zamzam.

Nilikiri kabla sijaulizwa. Bibi alinivuta sikio, akasema hili nililipwa kitambo kwa lile la akiba, anakamilisha tu. Mama hakunipiga. Alikuwa akimwangalia Bi Nasra anatafuta kiatu chake, akingoja hukumu. Shangazi Shemsa alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu.

Bi Nasra akavaa kiatu, akamshika mkono.

"Mwanangu, unaogopa majini?"

"Naogopa, mama," alisema shangazi.

"Vizuri. Nitapata wa kukaa naye." Akamgeukia bibi. "Posa yetu iko pale pale. Lakini kanda hii inakuja Riyadh na bibi harusi."

Baba aliambiwa tu kwamba mambo yamekwenda salama. Kanda nilikwenda kumwambia mwenye duka kwamba imepotea, na kwa mwaka mzima alinipa katuni tu. Shangazi aliolewa, na kila nilipokwenda Nasim wakati wa likizo niliwakuta mkwe na mke wa mwanawe wamejifunika blanketi moja saa nane mchana, mapazia yamefungwa, bakuli la karanga katikati, na mume wa shangazi, yule wa askirimu, anagonga mlango akiuliza chakula kiko wapi.

Bibi ametangulia, Bi Nasra ametangulia. Mie sasa nakaa mtaa wa Safa, hapa hapa Jeddah, na majumba ya sinema yamejaa tele. Mwezi uliopita binti yangu Samira, ana miaka kumi na tisa, alinikatia tiketi ya picha ambayo alisema inaogofya dunia nzima. Viti vya ngozi vinavyolala kama kitanda. Kila mtu na bisi zake na tundu lake la kuwekea soda. Pale mbele kuna mtu analiwa, na vijana wetu wamekaa kimya kama wanangoja namba benki, mwangaza wa simu unawapiga kidevuni. Msichana wa kwenye picha akaenda kufungua mlango wa chini ya ardhi. Sikuweza kujizuia.

"Usifungue, mwanangu! Usifungue!"

"Mama," alininong'oneza Samira, "watu wanatuangalia."

Nikanyamaza. Mlango ukafunguliwa. Na hapo nikahisi mkono umeninasa begani, kutoka kiti cha nyuma, wa mwanamke mzima, pete zake zikaniuma. Simjui, sikugeuka. Aliniachia kidogo, kitu kikapiga yowe, akaninasa tena. Nikapeleka mkono wangu nyuma nikaushika wake, na tukaiangalia picha yote hivyo, Samira akiona aibu kwa niaba yetu sote wawili.

Taa zilipowashwa, mkono ukaondoka. Nikageuka nimsalimie. Kulikuwa na akina mama watatu wa abaya nyeusi wanaokota mikoba yao, kila mmoja anatazama upande wake kwa adabu, na sikujua yupi.