Siku Oliva Aliporudi Kwenye Gogo

Sisi tuliokulia kijiji cha Titye, karibu na mpaka wa Burundi, wakati ule betri za redio zilipoanikwa juani ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari, hakuna aliyetufundisha kucheza. Mtoto alitoka nyumbani asubuhi ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, akarudi jioni na udongo mwekundu mpaka kwenye nyusi. Kuni na maji vikishafika, hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Watoto waliteleza kilimani juu ya magome ya mgomba, walipanda mipera mpaka kwenye matawi yanayolia, waliogelea mtoni na kukauka juu ya mawe kama mijusi. Wanangu leo wakikanyaga nyasi wanaomba karatasi ya kujifutia.

Lakini nisijisifu kwa mambo ya wenzangu. Mimi nilikuwa na pumu. Baba alikuwa tabibu wa zahanati, na mama alikuwa amenizika mara mbili kichwani mwake kabla sijafika darasa la kwanza. Kila nilipokaribia mlango alisema, "Kifua chako si cha kukimbilia." Basi nilikaa barazani nikichambua maharage, nikisikiliza vicheko vya watoto kutoka bondeni. Nilipofika miaka kumi na moja sikujua hata kuruka mfereji.

Mvua za kwanza zilipoanza, baba akaletewa barua ya uhamisho. Tunakwenda Singida, baada ya wiki mbili. Mama akaanza kufunga vyombo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na muda wa kunilinda. Nikamfuata Oliva.

Oliva alinizidi mwaka mmoja. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi kabla hajazaliwa, wakapata uraia, wakalima mihogo mlimani juu ya kwetu. Alikuwa mwembamba, mwenye nyayo ngumu, na Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi ndani yake kama chumvi kwenye mboga. Nilimwambia, "Nataka kufanya yote kabla sijaondoka." Hakunicheka. Alinitazama kifuani, akauliza, "Kikibana, utaniambia?" Nikakubali.

Nilikuwa kituko. Kwenye gome la mgomba nilikwenda kinyumenyume mpaka kwenye shamba la watu. Kwenye mpera sketi yangu ilinasa, nikaning'inia kama nguo iliyoanikwa, Oliva akiwa chini akisema, "Buhoro, buhoro," yaani polepole, huku akijiuma midomo asicheke. Kila jioni nilioga haraka kabla mama hajaniona magoti. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwa namna ile.

Zikiwa zimebaki siku tatu, nilimwomba anipeleke ng'ambo ya mto kuchuma masuku, yale matunda ya mwituni. Alikataa. Alisema mto wa wakati wa mvua si mto wa kujifunzia. Nikambembeleza, nikamwambia Singida hakuna masuku, kitu nisichokijua hata kidogo. Akakubali kwa shingo upande.

Daraja lilikuwa gogo moja lililolazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Kina mama walilipita na mizigo ya mihogo kichwani. Mimi nililipita kwa kutambaa. Msituni masuku yalikuwa yameiva, yameanguka yenyewe, matamu mpaka vidole vinanata. Tulijaza kanga. Ngurumo ikasikika mbali, upande wa Buhigwe, na Oliva akasimama palepale.

"Twende. Kule inanyesha."

"Huku hainyeshi. Bado kidogo."

Nilisema bado kidogo mara tatu. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko utamu wa yale matunda.

Tulipofika mtoni maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yamebeba povu na majani, yakigusa tumbo la gogo. Oliva alivuka kwanza na kanga ya matunda ili mimi niwe na mikono mitupu. Nikafuata. Katikati, gogo likatetemeka chini yangu na kifua kikafunga. Sikuweza kwenda mbele wala nyuma. Nilikaa nimelipanda kama mtu aliyepanda punda, nikivuta hewa isiyoingia.

Oliva aliitua kanga, akarudi juu ya gogo. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alikuja akakaa mbele yangu, magoti yetu yakagusana.

"Kimebana?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Usiangalie maji. Niangalie mimi. Mimi narudi nyuma, wewe unakuja. Kwa makalio tu."

Tukajivuta hivyo, yeye kinyumenyume, mimi mbele, mpaka ukingo ukawa karibu kiasi cha kuyanusa majani yake. Hapo ndipo gogo lilipogeuka. Mimi nilikuwa nimelibana kwa miguu kwa woga, sikuanguka. Oliva alitoka juu yake kana kwamba amevutwa.

Nilimshika kifundo cha mkono. Sijui nilikishikaje. Sikuwa na nguvu, nilikuwa na uzito tu, basi nikalala kifudifudi juu ya gogo nikamng'ang'ania kwa mikono yote miwili. Maji yalimfika kidevuni. Alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza niliona anaogopa. Nilitaka kupiga kelele, pumzi ikagoma. Iliyotoka ni kama mluzi. Yeye ndiye aliyepiga kelele kwa niaba yetu sote.

Mama Yusta, jirani yetu, alikuwa anatoka shambani. Alitupa mzigo, akaingia majini mpaka kiunoni akishikilia mizizi ya ukingo, akamvuta Oliva kwa nguo, kisha akanichukua mimi. Mguu wa Oliva ulikuwa umechanika kwenye muundi mpaka pakaonekana peupe.

Baba alimshona pale zahanati. Mimi nilipewa dawa nikalazwa nyumbani, na mama akaketi pembeni. "Nani alikupeleka kule?" Nikakohoa. Nikaendelea kukohoa hata pale kikohozi kilipokuwa kimekwisha. Baba aliporudi alisema, "Nimemuuliza yule binti. Anasema ni yeye aliyemshawishi mwenzake."

Mama akatoka barazani, majirani wakiwapo, akasema kwa sauti ambayo nadhani ilifika mlimani, "Watoto wa wakimbizi hawana cha kupoteza, ndiyo maana wanatupotezea wetu." Niliyasikia maneno hayo nikiwa chini ya blanketi. Nikanyamaza. Nikanyamaza siku ya pili yake pia.

Asubuhi ya safari lori lilipakiwa vitanda, sufuria na kuku. Watoto wote walikuja kutuaga isipokuwa mmoja. Dereva akawasha injini. Hapo maneno yakanitoka mbele ya watu wote: kwamba mimi ndiye niliyebembeleza, mimi ndiye niliyesema bado kidogo, na Oliva alikuwa ameshavuka akarudi kunifuata.

Nilingoja kibao. Mama hakunigusa. Alikaza kanga kiunoni akaanza kupanda mlima kwa miguu, nami nyuma yake, honi ya lori ikilia bondeni. Mama yake Oliva alikuwa anamenya mihogo uani, kisu kikasimama. Oliva alikuwa ameketi mkekani, mguu umefungwa bandeji.

Mama akapiga magoti ili macho yao yalingane. "Mwanangu, nilikusema vibaya mbele za watu. Nimekosa. Nisamehe."

Enzi zetu mzazi hakumwomba mtoto radhi. Oliva alimtazama mama yake kuona jibu liko wapi, na mama yake naye hakulijua. Mwishowe akasema, "Egome." Ndiyo. Nilipoinama kumuaga, nilimuuliza kwa nini alijibebesha kosa. Akaninong'oneza, "Wewe una safari. Mimi viboko nimevizoea."

Sikumwona tena. Nasikia aliolewa Kakonko.

Wiki iliyopita nilimfokea binti yangu kwa kosa la mdogo wake. Nilipogundua, nilizunguka jikoni muda mrefu kabla ya kwenda chumbani kwake. Nikamwambia nimekosa, anisamehe. Akatoa kisikilizaji kimoja sikioni, akasema, "Poa mama, usijali," akakirudisha. Nikabaki mlangoni. Wenzangu, sijui ninyi mnaonaje. Watoto wetu husikia neno nisamehe kila wiki, na nafurahi kwa hilo. Ila nilikuwa nimejiandaa kupiga magoti.