Sweta la Mama Mkwe Sokoni Kasulu

Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea Kibondo, alimaliza kusalimia majirani, akamaliza kulalamikia baridi, kisha akauliza swali lililokuwa moyoni mwake tangu ashuke kwenye basi.

“Mwanangu, huku wageni mnawapeleka wapi kununua vitu?”

Nikamweleza. Sokoni kuna maharage, ndizi, dagaa na asali. Ukivuka barabara unakuta maduka ya vitenge na vyombo. Alinisikiliza kwa upole wa mtu anayesubiri sehemu yenyewe ifike. Nilipomaliza, akauliza, “Na mjini je?”

Ikabidi nimwambie kwamba hapo ndipo mjini.

Mwanamke huyu amezunguka Kariakoo maisha yake yote. Mwanawe, yaani mume wangu, alihamishiwa huku kikazi, nami nikamfuata na ualimu wangu wa sekondari. Jioni ile mume wangu aliona mama yake amenyong’onyea, akaniambia, “Mpeleke Kasulu. Kasulu mji mkubwa.” Alilitamka jina hilo utadhani anataja Dubai.

Tukaondoka na basi la asubuhi. Mama alivaa sweta lake la kijani lenye vifungo vikubwa, na njia nzima alinieleza sifa zake. Sufi halisi. Siku hizi halipatikani tena. Mtu wa kawaida hawezi kuijua thamani yake. Mimi niliitikia “ndiyo, mama” mpaka tukafika.

Kasulu ilimfurahisha papo hapo. Alisikia kelele za sokoni akanyoosha mgongo kama askari. Hakutaka kuangalia vitenge wala masufuria, alikwenda moja kwa moja kwenye mitumba, ambako mfanyabiashara mmoja mnene alikuwa amefungua robota jipya na amesimama juu ya meza akiita, “Chagua, mama! Fungua roho, mama!”

Mama akaona koti jeusi la kiume, refu, zito. Akavua sweta lake, akaliweka pale mezani, akavaa koti. Halafu akavuka hadi duka la simu ng’ambo ya barabara ili ajitazame kwenye kioo cha dirisha, akaniita nimwambie kama linampendeza. Nikamfuata. Koti lilimfika kwenye vifundo vya miguu. Nikasema linampendeza.

Tuliporudi, sweta halikuwepo.

“Lile la kijani?” mfanyabiashara aliuliza kwa furaha. “Limeshatoka, mama! Limekwenda kwa bei nzuri sana.”

“Lilikuwa langu,” mama akasema.

Yule bwana alishuka mezani polepole.

Alituongoza mwenyewe hadi upande wa wauza asali. Pale alikaa mwanamke wa makamo, amelivaa sweta, amelifunga vifungo vyote hadi shingoni. Baadaye alitusimulia kwamba alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wazazi wake wakiwa wametoka Burundi, na kwamba sasa ni raia, ana shamba na mizinga yake. Wakati ule alichotuambia ni “karibuni asali.”

“Mama, hilo sweta ni langu,” mama mkwe akasema.

“Ego, ndiyo, ni zuri,” yule mwanamke akajibu, akidhani anasifiwa. “Nimelinunua sasa hivi.”

Mfanyabiashara akaeleza kosa lake, akatoa hela amrudishie. Mwanamke akatikisa kichwa. “Hela yako kaa nayo. Nilikuwa na baridi, sasa sina.”

“Basi mwuzie mwenyewe, nitalipa mimi,” yule bwana akasihi.

Mwanamke akafikiri, akataja bei. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama mkwe wangu hawezi kusikia bei akanyamaza, hata kama anayelipa ni mtu mwingine.

“Bei hiyo? Kwa sweta hili?” Akamshika mkono, akauvuta. “Tazama kiwiko, kimelegea. Na hiki kifungo cha chini si chake, kimeshonwa kwa uzi mweusi!”

Kilishonwa sebuleni kwangu, na yeye mwenyewe.

“Yoo, mama!” mwanamke akang’aka. “Sufi hii? Hebu shika. Hii siku hizi unaipata wapi?”

“Ukilifua linatanuka.”

“Umejuaje?”

“Nimelifua mimi miaka yote!”

Watu walianza kujaa. Mfanyabiashara amekamata noti zake, anageuza shingo kwa huyu, anageuza kwa yule. Mwanamke akapunguza kidogo, mama akakataa. Mama akataja mshono wa kwapani, mwanamke akakasirika kabisa, akapandisha bei. Nilijaribu kumkumbusha mama kwamba tunalitaka sweta. Aliniashiria ninyamaze.

Mwishowe akarudi nyuma hatua, akalitazama juu mpaka chini kwa macho ya mnunuzi.

“Hapana,” akasema. “Hili limechoka. Kaa nalo tu.”

Kisha akamgeukia yule bwana. “Na wewe, hili koti ndiyo nimeshalivaa.”

Yule bwana akarudisha noti mfukoni, akaenda zake. Nadhani aliona ameponea chupuchupu.

Mwanamke akacheka mpaka akashika mbavu. Akajaza chupa ya asali, akamkabidhi mama kwa mikono miwili, wakakumbatiana, sweta na koti, wakaanza kuulizana habari za wajukuu. Tulikaribia kuachwa na basi.

Njiani kurudi mama alikuwa akipapasa vifungo vya koti, nikawa na wasiwasi kwamba sasa inamuuma.

“Lilimkaa vizuri, au siyo?” akauliza hatimaye.

“Lilimkaa, mama.”

“Mimi lilikuwa linanibana. Nilikuwa sisemi tu.”

Mume wangu alitupokea mlangoni. Alimwona mama yake ndani ya koti la jitu fulani la Ulaya, chupa kwapani, akanitazama mimi, kisha akamwuliza kwa tahadhari, “Mama, umenunua nini Kasulu?”

“Sijanunua kitu,” mama akasema huku akimpita. “Nimepewa koti, nimepewa asali. Mji mzuri sana ule.”