Kuku Aliyesubiri Treni ya Manyoni

Enzi zetu treni ilisalimiwa. Vijana watacheka, najua, lakini wenzangu mliokulia Singida mtanishuhudia. Ikitokeza kwenye kona, inatikisika kama mzee aliyebeba gunia, sisi watoto wa Mwankoko tuliacha ng'ombe, tukaacha na mpira wa matambara, tukajipanga kando ya tuta na kupaza sauti kwa pamoja: "Shikamoo treni!" Dereva akipiga honi, tulijua tumeitikiwa. Asipopiga, tulirudi nyumbani wanyonge, tukiulizana nani kati yetu ameikosea adabu. Bibi yangu ndiye aliyetufundisha hivyo. Alisema kitu kilichokutangulia kuzaliwa, tena kinachobeba baba za watu, hakipitwi kimyakimya.

Tulilaza masikio kwenye chuma cha reli kusikiliza kama inakuja, na jua la Singida likatuchoma masikio hayo hayo mpaka yakabambuka. Tulitega vizibo vya soda relini, magurudumu yakavikanyaga vikawa bapa, tukavitoboa, tukapitisha uzi, vikavuma mikononi kama nyuki. Mifukoni tulikuwa na mbegu za alizeti, na ugali wa uwele tuliuacha nyumbani ukipoa pamoja na mlenda wake, kwa sababu hakuna aliyejua treni itakuja saa ngapi. Hata shuleni, honi ikilia, mwalimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika dirishani. Akishashiba kutazama, aligeuka na kutuchapa sisi tuliomfuata.

Ilichelewa sana, treni ile. Mtu alikwenda kumpokea shemeji, akarudi nyumbani kuvuna karanga, akaenda tena, shemeji bado. Watu wakilalamika, mama yangu aliwanyamazisha kwa msemo wake: "Treni haichelewi. Ni wewe uliyewahi."

Msemo huo ulikuja kumponza mwenyewe. Mdogo wake, mama mdogo Zena, aliolewa Manyoni. Kwetu dada mkubwa humpelekea mdogo wake kuku jike wa kuanzia mji, na asipompeleka kwa mkono wake mwenyewe, bibi harusi huyo huonekana ametupwa. Mama alimchagua mtetea mwekundu, akamfunga miguu, akasema atakwenda na treni ijayo. Ijayo ikapita wakati wa palizi, nyingine wakati wa mavuno, nyingine haikuja kabisa. Zena akatuma maneno: "Mwambieni dada asithubutu kuja na basi. Akishuka kwenye basi nitajua ameleta msiba. Na mimi Singida sikanyagi mpaka kuku wangu afike." Mama akajibu: "Mwambieni kuku anasubiri treni."

Kisha treni ya abiria ikaacha kuja mjini kwetu.

Mtetea yule alizeeka, akafa. Mama akamteua binti wa kuku huyo kushika nafasi, kisha mjukuu, kisha kitukuu. Nilikua, nikamaliza kidato cha nne, nikaanza kuzurura kama nilivyozaliwa: Mwanza, Tunduma, Masasi, kote huko nikibeba mizigo na kuuza asali. Kila nikirudi, nilikuta kuku mmoja uani ambaye hachinjwi hata aje mgeni wa namna gani. "Huyo wa Zena," Mama alikuwa akisema. Simu za mkononi zilipofika, dada hawa wakaanza kupigiana, na mazungumzo yao yalikuwa mafupi.

"Kuku wangu yuko wapi?"

"Anasubiri treni."

Wanakata.

Safari hii niliporudi nilimkuta rafiki yangu wa utotoni, Mghenyi, ambaye sasa anachomelea mageti mtaa wa Utemini hapa mjini, ameanzisha chama cha kukumbuka reli. Wanachama ni watu wa rika letu, wenye vitambi na miwani. Kila Jumamosi wanapanga mabenchi uani kwake mawili mawili kama ndani ya behewa, wanatundika kibao kilichoandikwa SINGIDA, na Mghenyi anapuliza pembe la ng'ombe badala ya honi. Kisha wanakaa. Mayai ya kuchemsha na kuku wa kukaanga vinauzwa kupitia fremu ya dirisha anayoishika mkewe. Ukitaka kwenda msalani, unangoja mpaka Mghenyi atangaze kituo, na nimewahi kumwona mwalimu mkuu mzima akimsihi kwa machozi atangaze.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa kuchelewa. Mghenyi alishikilia kwamba historia iheshimiwe, kwa hiyo treni ya chama lazima ichelewe. Lakini wanachama wote walijua itachelewa, basi nao wakawa wanachelewa, na mara wote wakajikuta wamefika kwa wakati. Walifanya vikao juu ya jambo hilo. Navyo vilichelewa.

Nilimsimulia Mama habari hizi ili acheke. Hakucheka.

"Kwa hiyo treni imerudi?"

"Haitembei, Mama."

"Hata ile ilikuwa haitembei."

Jumamosi alikuja Utemini amejitanda kanga mpya, kuku mwekundu kwapani, akaketi benchi la mbele. Pembe likapulizwa. Akala yai, akachungulia dirishani, akamlaumu jirani yake kwa kuchukua nafasi kubwa. Safari ilipokwisha, watu wote wakasimama, wakajinyoosha. Yeye akabaki.

"Mama, tumefika," alisema Mghenyi.

"Tumefika wapi? Naona kibao cha Singida. Abiria wa Manyoni anashuka Manyoni."

"Mama yangu, treni imeharibika njiani."

"Itengenezeni. Nilishazoea kusubiri kabla hujajua kufuta kamasi."

Jua likaanza kushuka, na hakuna aliyethubutu kukunja benchi lake. Mwishowe Mghenyi aliapa mbele ya chama kizima kwamba treni imelala tu, itaendelea Jumamosi ijayo mpaka Manyoni. Ndipo Mama akakubali kwenda nyumbani. Usiku ule nilielewa kwamba kwake halikuwa igizo. Miguu ilikuwa imeanza kumsaliti, na alikuwa anamtafuta mdogo wake kwa njia pekee ambayo kiburi chao wawili kilikuwa kimewabakishia.

Asubuhi nikampigia mama mdogo Zena.

"Shikamoo, mama mdogo. Mama yuko njiani anakuja."

"Marahaba. Kwa basi?"

"Kwa treni."

"Amefika wapi?"

"Bado hajatoka Utemini."

"Na kuku?"

"Anaye."

Nikamweleza yote: mabenchi, pembe, kibao. Nikamwambia Mghenyi yuko tayari kukigeuza kibao na kuandika MANYONI upande wa pili, ila tu mwenyeji awepo wa kumpokea mgeni. Akanitukana vya kutosha. "Singida sikanyagi," alisema. "Lakini nitakuja."

Jumamosi alikuja na basi. Pale stendi alijifunika kanga usoni ili asiione Singida, akavuka kutoka ngazi ya basi mpaka ndani ya bajaji bila kugusa ardhi, mimi nikiwa nimembeba mgongoni, na mama mdogo si mwepesi. Kufika uani kwa Mghenyi akatoa mfuko wa rambo uliojaa udongo mwekundu. Ulikuwa udongo wa mlangoni kwake. Akaniamuru niumwage chini na kuusambaza vizuri, ndipo akashuka, akasimama juu yake, akajifunua uso. "Sasa niko kwangu," alisema. "Mleteni."

Mghenyi akageuza kibao, akapuliza pembe, akapiga kelele: "Manyoniii! Mwisho wa safari!"

Mama alishuka taratibu kutoka benchi lake la mbele, akaweka mguu wa kwanza kwenye udongo ule, kisha wa pili. Akatazama huku na huku.

"Manyoni pamebadilika," alisema. "Panafanana sana na kwetu."

"Shikamoo, dada. Karibu kwangu."

"Marahaba. Chukua kuku wako."

Zena akampokea, akamgeuza chini juu. "Huyu siye yule."

"Yule alifia safarini. Huyu ni kitukuu chake."

Hapo wote wawili wakaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, wakashikana, na kuku akabanwa katikati akilalamika kwa sauti ambayo hakuna aliyeijali. Mwalimu mkuu alikwenda msalani bila ruhusa ya kituo. Nadhani alikwenda kulia.

Kibao hakijageuzwa tena mpaka leo, maana hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuwarudisha Singida. Mama mdogo huja kila mwezi, na Mama humfuata hapo kwa Mghenyi. Waendesha bodaboda wamezoea. Ukisema "Manyoni", wanakushusha Utemini.

Vijana wa leo wanatuonyesha kwenye simu treni za umeme zinazopita kama mshale, ambazo hata ukitaka kuzisalimia, zimeshapita kabla hujamaliza "shika". Nazipenda, na mimi mtu wa kuzurura nitazipanda. Lakini hazimpi mtu nafasi ya kukasirika, kuzeeka, na kusamehe kabla hajafika. Jumamosi iliyopita Mghenyi alipuliza pembe, na kwa mazoea ya utotoni nikajikuta nimesimama wima. "Shikamoo treni," nikasema.

Pembe lilikuwa limekwisha kunyamaza. Wale kina mama wawili, wakichambua mlenda kwenye benchi la mbele, waliitikia bila kuinua macho:

"Marahaba."