Neno Nililoshuka Nalo Mutsamudu

Enzi zetu mtoto aliweza kutoka kwao Magoudjou, mtaa wa Moroni, asubuhi bila mpango wowote, na mama akauliza tu kama amevaa viatu. Nilitoka hivyo siku moja, nikiwa na miaka kumi na minne, shule nimeshaiacha, nikaishia ndani ya meli ya mizigo iendayo Mutsamudu, bandari ya kisiwa jirani. Mfukoni sikuwa na kitu. Kichwani nilikuwa na neno moja la Kiingereza, "phlegm".

Moroni ya siku zile ilishikwa na mamluki wa Kizungu, na neno mamluki lenyewe hakuna aliyethubutu kulitamka. Wazazi walinong'ona. Bangweni, uwanja wa wazee, asiyefunga ndoa kubwa, ile ya kuuchinjia mji ng'ombe, hakuwa na ruhusa ya kusema. Basi sisi vijana tukaanzisha bangwe letu nyuma ya duka, ambako cheo kilipatikana si kwa kuchinja ng'ombe bali kwa neno gumu la Kiingereza. Maneno tuliyatoa kwenye kamusi iliyoliwa na mchwa, maana zote zimetafunwa. Maana tukazipigia kura, na matamshi pia. Mwenye sauti nene alishinda. Rafiki yangu Saidi alikuwa "yacht", yaani gavana. Mimi nilikuwa "phlegm", kwa matamshi yetu "filegimu": mtu wa heshima atokaye mbali.

Nilishuka bandarini mchana. Sikuwa na ndugu kisiwani, na Shingazidja changu, lugha ya kisiwa chetu, kiliwachekesha wachukuzi. Mmoja akanipeleka kwa Koko Zahara, bibi aliyerudi kutoka Unguja, aliyezoea kupokea wageni. Akauliza mimi ni nani. Nikijibu vibaya, nalala gatini. Nikanyoosha shingo, nikasema mimi ni filegimu.

Akanitaka niliandike vumbini. Akalisoma, akacheka mpaka akaushika mlango.

"Hilo ni kohozi, baba. Nimesoma shule ya Waingereza mimi. Husemwa 'flemu'. Nani kakupa cheo hicho?"

Nikamweleza bangwe letu na kura zake. Akashusha sauti, akasema hata wakubwa wa Moroni walipata vyeo vyao hivyo hivyo.

"Sasa niambie kweli. Kiingereza unakijua?"

Kwetu nyuma ya duka hakuna aliyewahi kutoa jibu nililompa.

"Sikijui, Koko."

"Haya. Nawa miguu, uingie."

Vijana wa leo simu huwatamkia neno lolote, na maana juu yake, bila kukiri mbele ya mtu kwamba hawajui. Nawaonea gere kidogo. Mimi nilitandikiwa mkeka karibu na dirisha, nikaletewa wali na samaki, na kabla ya magharibi nilikuwa na maneno matatu ya Kiingereza, yote ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa cheo.