Balbu za Mautuma

Mume wangu alipokufa, shemeji yangu Philemon alichukua shamba letu la Mautuma, lile tulilogawiwa mzungu mwenye shamba alipoondoka. Mimi akanipa boksi la balbu alizoziacha huyo mzungu.

"Shemeji, wewe unakwenda kupanga mjini. Huko kuna stima, hizi zitakufaa."

Nilipanga chumba mjini, mtaa wa Amalemba, nikaweka cherehani yangu. Mvua ya alasiri hutia giza chumbani, kwa hiyo balbu ya mwenye nyumba ilipoungua nilifungua boksi. Ya kwanza iliingia vizuri, ikamulika kama radi, ikafa. Ya pili vilevile. Ya tatu niliipeleka dukani.

Mwenye duka aliisoma, akacheka. "Mama, hii ni ya jenereta ya shambani. Stima ya hapa ina nguvu mara mbili yake. Hata ikiingia, itaungua tu. Nani alikuuzia takataka hii?"

"Sikuuziwa. Ni urithi wangu."

Aliacha kucheka, akanitolea balbu ya mjini. Kusoma sijui, nikamwambia, "Iwashe kwanza nione."

Iliwaka. Nilirudi nayo nikamalizia sare za watoto wa watu, na Philemon anavuna mahindi yangu mpaka leo.